Mshale, Sumu na Gobore: Silaha za Uwindaji Nyanda za Kati na Hukumu ya Nyama Yake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na akatuharamishia vilivyo vibaya. Rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote waliofuata njia yao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Tangu kanuni za mwaka 2020 ziruhusu kufunguliwa mabucha ya nyamapori, swali lililokuwa la wawindaji peke yao limekuwa la kila mwenye kapu la sokoni. Muislamu wa Dodoma anayetaka kilo moja ya nyama ya swala au pofu hakumuona mnyama akianguka, wala hamjui aliyempiga. Huenda Imamu wa msikiti akaulizwa baada ya sala ya Isha: "Sheikh, nyama hii tule au tuache?" Baadhi yetu hujibu kwa haraka kuwa ni halali kwa sababu swala ni halali. Wengine hujibu kwa haraka kuwa ni haramu kwa sababu imepigwa risasi. Majibu yote mawili yana upungufu. Katika mlango wa uwindaji, baada ya kumjua mnyama, huulizwa mambo mawili: nani ameua na ameua kwa kitu gani. Makala haya yanashughulika zaidi na hilo la pili, kwa kutazama historia ya silaha katika nyanda zetu hizi za kati na maneno ya wanavyuoni juu ya kila silaha.

MSINGI WA MLANGO HUU

Msingi umo katika Suratul Maida. Aya ya 4 inahalalisha kinachokamatwa na wanyama wawindaji waliofunzwa, na inaamrisha kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Aya ya 94 inataja mawindo yanayofikiwa kwa mikono na kwa mikuki. Na kabla ya hizo, aya ya 3 imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kukabwa, kwa kupigwa kwa kitu kizito, kwa kuanguka na kwa kupigwa pembe, isipokuwa yule aliyewahiwa kuchinjwa.

Kisha ikaja Sunna ikafafanua. Adiy bin Hatim (R.A.), aliyekuwa mtu wa mawindo, alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mi'radh, nao ni mti mzito ambao pengine hupiga kwa ncha na pengine kwa ubavu. Jibu alilopewa, kama lilivyo katika Bukhari na Muslim, ni kuwa kilichopigwa kwa ncha yake kikatobolewa kinaliwa, na kilichopigwa kwa ubavu kikafa hakiliwi, kwani huyo ni sawa na aliyepigwa rungu. Na katika hadithi ya Abdullah bin Mughaffal (R.A.) Mtume (S.A.W.) alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, kwa kuwa haviui windo wala havimdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho.

Kutokana na hayo wanavyuoni walitoa kanuni moja: silaha inayohalalisha ni ile inayojeruhi kwa makali au kwa ncha yake, na isiyohalalisha ni ile inayoua kwa uzito wake. Tofauti nyingi zitakazofuata ni tofauti za kuitumia kanuni hii juu ya vyombo vipya, na wala si tofauti juu ya kanuni yenyewe.

UPINDE GANI ULIO BORA?

Watu wa zamani nao waliulizana ni silaha ipi ya kuchagua. Waarabu walikuwa na upinde wa mkono. Baadaye ukaenea upinde uliofungwa juu ya gogo, ambao mpigaji huukanyaga kwa mguu ili avute kamba, kisha kamba hiyo hushikwa na mtambo na kuachiliwa kwa kidole. Waarabu waliuita qausur-rijl, yaani upinde wa mguu. Ulikuwa mashuhuri sana Andalusi na nchi za Magharibi. At-Tarsusi aliyemuandikia Sultani Salahuddin kitabu cha silaha katika karne ya 6 Hijria aliutaja pamoja na mitambo mingine ya vita. Na Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 H (1350 M), aliulinganisha na upinde wa mkono katika kitabu chake cha Al-Furusiyya. Upinde wa mkono unamfaa zaidi mpanda farasi na mpiganaji wa uwanjani, kwa kuwa ni mwepesi na hurusha mishale mingi kwa haraka. Upinde wa mguu unafaa zaidi ngomeni, maana una nguvu lakini ni mzito na hukawia kupakiwa.

Kifiqhi, hata hivyo, pinde hizi mbili hazina tofauti. Mshale wenye chembe kali unahalalisha, uwe umerushwa kwa mkono au kwa mtambo. Mshale butu hauhalalishi hata ukirushwa na upinde wa thamani kubwa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 H (1277 M), amelitaja hili katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa na masheikh wetu wa Pwani kizazi baada ya kizazi. Ameuhesabu mshale usio na chembe wala makali pamoja na mjeledi na bunduqa katika vitu ambavyo windo likifa kwavyo ni haramu. Kwa hiyo anayeulizwa leo juu ya pinde za mtambo zinazotengenezwa viwandani aulize kwanza habari ya chembe ya mshale, kabla ya nguvu ya upinde.

BUNDUQA SI BUNDUKI

Hapa wanafunzi wengi huteleza. Asili ya neno bunduq katika Kiarabu ni tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu. Kisha likatumika kwa kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde maalumu wa kuwindia ndege. Mchezo huu ulipendwa mno Baghdad, hata Khalifa An-Nasir li-Dinillah, aliyetawala kuanzia mwaka 575 H hadi 622 H (1180 hadi 1225 M), akauingiza katika taratibu za vyama vya futuwwa na kujifanya yeye ndiye mkuu wao. Zilipokuja silaha za baruti zinazorusha vidonge vya risasi, Waarabu waliziita kwa jina lile lile, nasi Waswahili tukalipokea: bunduki.

Kwa hiyo neno bunduqa lililomo katika Minhaj lina maana ya kidonge cha udongo. Imamu Nawawi alifariki kabla silaha za baruti hazijajulikana katika miji yake. Anayeinukuu ibara hiyo kuharamishia windo la bunduki amemsingizia Imamu jambo ambalo hakulisema.

Waliosema juu ya silaha ya baruti walikuja baadaye. Miongoni mwao ni Sheikh Zainuddin Al-Malibari, mtunzi wa Fathul Mu'in, kitabu kingine kinachosomwa sana katika vyuo vya Afrika Mashariki. Huyu aliishi Malabar, pwani ya India, katika karne ya 10 Hijria, zama ambazo Wareno walikuwa wakiipiga pwani ile kwa mizinga na bunduki. Yeye ndiye aliyeandika pia Tuhfatul Mujahidin kuhusu vita hivyo. Aliijua bunduki vizuri, na katika Fathul Mu'in aliharamisha kulipiga windo kwayo, kwa sababu huunguza na huua upesi. Kisha akanukuu kutoka kwa sheikh wake, Ibn Hajar Al-Haitami, kuwa mpigaji hodari anayejua kwamba atapasua bawa kubwa tu, yawezekana ikajuzu kwake.

Ibn Abidin wa Damascus, katika madhehebu ya Hanafi, aliyefariki mwaka 1252 H (1836 M), naye aliona kuwa risasi huua kwa kuunguza na kwa msukumo mzito, haina makali, hivyo haihalalishi. Lakini Abdulqadir Al-Fasi wa Morocco, aliyefariki mwaka 1091 H (1680 M), katika Maliki, alijuzisha. Na Imamu Shaukani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1250 H (1834 M), alieleza kuwa bunduki haikufika Yemen ila katika karne ya 10, ndiyo sababu wa mwanzo hawakuizungumzia. Aliona kuwa windo lake ni halali, kwa sababu risasi hutoboa na mara nyingi huingia upande mmoja na kutokea wa pili.

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Wote hawa wanauliza swali moja: je, chombo hiki kinatoboa au kinaponda? Mmoja aliona kuunguza na kuponda, mwingine akaona kutoboa. Kila mmoja alihukumu chombo alichokijua.

SILAHA ZA NYANDA ZA KATI

Tuje sasa nyumbani. Nyanda za kati ni nchi ya uwindaji tangu zamani sana. Michoro ya mapangoni ya Kolo na sehemu nyingine za Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, inaonyesha twiga, pofu na watu walioshika pinde. Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kualika ulimi, walijulikana kwa upinde na mishale ya sumu. Jirani zao Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi wanawinda kwa upinde hadi leo. Wagogo, ambao ni wafugaji na wakulima, walitumia mikuki, pinde na mbwa.

Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa njia kuu ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walipitia Mpwapwa, wakavuka Marenga Mkali pasipo na maji, wakaingia Ugogo na kulipa hongo kwa watemi kabla ya kufika Tabora. Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Misafara hiyo ilileta vitu viwili vinavyohusu mada yetu: Uislamu, ambao ulipata makazi makubwa Kondoa kwa Warangi, na gobore.

Gobore lilikuja hasa kwa ajili ya pembe za ndovu. Ndovu haliwi kwa rai ya wanavyuoni walio wengi, na pembe yake ina hitilafu: Hanafi wanaiona tohara, na Shafi wanaiona najisi. Hivyo kwa mfanyabiashara wa pembe swali la silaha halikuwa na uzito, kwani hakukusudia nyama. Lakini msafara wa mamia ya watu ulihitaji kula, na gobore lile lile lilielekezwa kwa pofu na kongoni. Hapo ndipo waliposhikilia desturi ya kumkimbilia mnyama na kisu ili awahiwe na roho ingalimo, kiasi kwamba wasafiri wa Kizungu waliona ajabu kuwa Waislamu wa misafara wanakataa nyama ambayo haikuchinjwa. Desturi hiyo iliafikiana na Fathul Mu'in: bunduki humwangusha mnyama, na kisu ndicho kinachomhalalisha.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa kwa Waafrika, ukaacha mlango mdogo kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Mwaka 1896 serikali ya Wajerumani chini ya Wissmann ilitoa amri ya uwindaji yenye leseni. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na wawindaji wenye raifo wakaja kwa gari moshi. Mwaka 1921 Waingereza wakatunga sheria yao. Matokeo yake ni kuwa raifo ilibaki kwa mwenye leseni, na mwanakijiji akabaki na gobore, mshale na mtego. Ilipokuja njaa kubwa ya Ugogo ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, watu walikula walichokipata. Hilo ni mlango wa dharura, ambao Suratul Maida yenyewe imeufungua mwishoni mwa aya ya 3, wala halifanywi kipimo cha siku za shibe.

MSHALE WA SUMU

Hili ndilo zito kuliko yote kwa watu wa huku, kwa sababu mshale wa asili wa nchi hii haukuwa mshale mtupu. Sumu ya mishale, ambayo wazee huiita uchungu, hupikwa kutokana na miti. Wahadzabe hutumia utomvu wa mdeti wa jangwani wenye maua mekundu, na Wakamba hutumia msunguti. Sumu ya msunguti huingia katika damu na kuusimamisha moyo. Mnyama mkubwa hukimbia kwanza, mwindaji humfuata nyayo, kisha humkuta ameanguka. Kwa desturi hukatwa nyama iliyozunguka jeraha ikatupwa, na iliyobaki huliwa bila ya madhara.

Kwa mwindaji, sumu ni rehema: upinde dogo unaua mnyama mkubwa. Kwa sheria, sumu ndiyo tatizo lenyewe. Kanuni ya Minhaj ni kuwa windo likifa kwa sababu mbili, moja ya halali na moja ya haramu, basi haramu inashinda, kama aliyepigwa mshale na bunduqa pamoja. Ibn Qudama katika Al-Mughni ameutaja mshale wa sumu kwa jina: ikiwa sumu imesaidia kuua, haliwi. Na katika mishale yetu sumu ndiyo muuaji, na chembe ni mlango wake tu. Kwa hiyo kutupa nyama ya pembeni mwa jeraha humlinda mtu na madhara, lakini hakumhalalishii windo.

Linabaki jambo moja: akimkuta angali na uhai uliothibiti, damu ikabubujika anapomchinja na mnyama akajitikisa kwa nguvu, basi huyo ni halali, kwa sharti nyama yake isiwe na madhara. Ama akimkuta katika mtikisiko wa mwisho ulioletwa na sumu, kisu hakimfai tena.

Kuna na suala la windo lililotoweka. Katika Minhaj, mnyama aliyejeruhiwa akapotea kisha akakutwa amekufa ni haramu kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Lakini katika hadithi ya Adiy imesihi kuwa aliyekutwa baada ya siku akiwa hana alama nyingine ila ya mshale wa mwindaji anaruhusiwa, maadamu hakuangukia majini. Imamu Nawawi mwenyewe, katika Al-Majmu', aliipa nguvu kauli ya kuruhusu kwa ajili ya hadithi hizo. Ruhusa hii ni ya mshale safi, na mwenye sumu asijifiche nyuma yake.

KUIPIMA SILAHA LEO

Sasa turudi kwa muulizaji wetu. Raifo ya leo yenye mifereji mtutuni hurusha risasi yenye ncha inayotoboa ngozi, nyama na mfupa. Hii si ile aliyoielezea Al-Malibari. Ndiyo maana wanavyuoni wengi wa zama hizi, kama Sayyid Sabiq na Yusuf Al-Qaradawi, wamejuzisha windo lake wakishika hoja ya kutoboa. Anayefuata rai hii ana dalili. Na anayeshikilia Fathul Mu'in asile mpaka achinje, naye yuko katika njia ya tahadhari na haifai kumkejeli.

Gobore liko mbali na raifo. Watu hulijaza vipande vya chuma na vidonge visivyo na ncha, na mwendo wake ni mdogo. Mara nyingine hutoboa, mara nyingine huvunja mifupa tu. Marisau nayo yakimpiga ndege kwa karibu humponda. Katika hayo shaka ni kubwa, na njia ya salama ni ile ya watu wa misafara: kukimbia na kisu. Kitanzi cha waya na shimo havihalalishi kwa vyovyote, kwani humuua mnyama kwa kumkaba au kwa kumwangusha. Anayekutwa hai humo na akachinjwa ndiye halali. Na juu ya haya yote pana sharti la aliyeua: awe Muislamu au katika Ahlul Kitabi, na wanavyuoni wa Shafi wanayo masharti yao mazito juu ya hao wa mwisho. Ama Bismillahi, kwetu sisi Shafi ni sunna iliyotiliwa mkazo na kwa wengine ni wajibu, basi asiiache mtu kwa kusudi.

Sheria ya nchi, ya mwaka 1974 na iliyoifuata ya mwaka 2009, imekataza kuwinda bila kibali, na kukataza sumu, mashimo na mitego. Wanyama wa Swagaswaga, Mkungunero na Muhesi ni mali ya umma, na fiqhi yetu inasema kuwa uendeshaji wa kiongozi juu ya raia hufungamana na maslahi yao. Kuwahifadhi ni maslahi yaliyo wazi. Na tuzingatie kuwa sumu na mitego ambayo serikali imeikataza kwa kuhifadhi wanyama ni ile ile ambayo wanavyuoni walikataa kuihalalishia nyama miaka mia nyingi kabla yake, kwa sababu nyingine kabisa.

Hivyo imamu anapoulizwa juu ya nyama ya bucha asiseme halali wala haramu kabla ya kujua. Na amwagize muulizaji aende kwa muuzaji na maswali matatu: Nani alimpiga? Kwa silaha gani? Alichinjwa hai, au alikutwa amekufa? Muuzaji mwenye kibali anaweza kujibu, na wingi wa waulizaji utamzoesha kuwa na jibu. Yakikosekana majibu, pana hadithi nyingine ya Adiy: mtu akikuta mbwa mwingine pamoja na wake na hajui ni yupi aliyeua, asile. Asili ya nyama katika mlango huu ni kuzuiwa mpaka sababu ya uhalali ijulikane. Swala hakosekani mbuzi wa kushika nafasi yake, na Dodoma si mji uliopungukiwa na mbuzi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atulishe vya halali, atuepushe na vyenye shaka, na aifanye elimu hii iwe hoja kwetu wala isiwe juu yetu. Amin. Wallahu a'lam.